Ndoo Inayojimwaga Yenyewe

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Sumbawanga, ondoa kwanza kichwani lile joto la Dar es Salaam. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hupenya blanketi mbili. Sasa mchukue samaki aliyezaliwa Kasanga, katika maji ya Ziwa Tanganyika yenye joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Mpandishe kwa gari barabara ya Kasanga, Matai mpaka Sumbawanga, kilometa 112 na karibu meta elfu moja kwenda juu. Mweke ndani ya tangi la kioo, mapokezi ya gesti, halafu mwambie aishi. Kumsaidia aishi ndiyo ajira niliyoipata baada ya kidato cha nne, na kwa karibu mwaka mzima ajira hiyo haikuniruhusu kulala.

Samaki wenyewe kwa jina la kitaalamu wanaitwa Tropheus. Mwingereza mmoja, Moore, alikuja kulichunguza ziwa mwaka 1896, na mwaka 1898 mtaalamu Boulenger kule London akamwandika samaki huyu kwa jina la Tropheus moorii, kumuenzi Moore. Ni mdogo, anatosha kiganjani, anakula ukoga wa juu ya mawe, na kila sehemu ya pwani ya ziwa ina rangi yake. Wa Kasanga ni mwekundu wa kumfanya mtu asimame. Ziwa letu lina jamaa zake zaidi ya aina 200, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na wafugaji wa Ujerumani na Marekani huwaita kwa majina ya vijiji walikotoka. Yaani yuko kijana Ulaya hajui Tanzania iko wapi lakini anajua kutamka Kasanga na Kipili! Sisi tulio kilometa mia moja tu kutoka pale, wengi wetu samaki tunayemjua ni mgebuka na dagaa wa kwenye sahani.

Mwenye gesti, ambaye tangu hapa nitamwita Mzee, alikuwa mwalimu wa sayansi kabla ya kustaafu. Alinunua samaki wake kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akawaweka katika matangi matatu ya lita 300 kila moja. Kabla sijaajiriwa, kijana aliyenitangulia alibadilisha theluthi nzima ya maji kwa mpigo, asubuhi ya baridi, kwa maji ya bombani. Wakafa kumi na mmoja. Mzee hakumpigia kelele, ila aliandika amri kwenye karatasi akaibandika ukutani: maji yabadilishwe kidogo kidogo, lita 15 kila baada ya saa tatu, mchana na usiku.

Amri hiyo ukiitazama haraka unaweza kudhani ni ukali wa uzeeni. Sivyo. Samaki akijisaidia, uchafu wake hutoa amonia. Katika maji ya kawaida, yenye kipimo cha pH 7, amonia hiyo karibu yote hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Iliyo sumu haifiki hata asilimia 1. Lakini maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, pH yake inakaribia 9, na sisi tulikuwa tukitia chumvi zake kwenye matangi ili yafanane na ziwa. Katika maji ya namna hiyo zaidi ya theluthi ya amonia hugeuka sumu. Kwa hiyo samaki wetu wanataka maji ya magadi, na hayo hayo magadi yanaukoleza uchafu wao. Ni lazima maji yabadilishwe mara kwa mara. Ukibadilisha mengi kwa mpigo, unaleta baridi: lita 100 za nyuzi 15 ndani ya tangi la lita 300 hushusha joto kwa zaidi ya nyuzi 3. Ukitia lita 5 tu kwa kila tangi, halishuki hata robo ya nyuzi. Hesabu ya Mzee ilikuwa sahihi kabisa. Ila ilihitaji mtu asiye na usingizi, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Saa tatu usiku, ndoo. Saa sita, ndoo. Saa tisa, ndoo. Alfajiri saa kumi na mbili, ndoo. Kwa ajili hiyo nililipwa shilingi 90,000 za mwezi na posho ya usiku shilingi 60,000. Ile posho ndiyo iliyokuwa inamlipia mdogo wangu chumba karibu na shule yake, maana nyumbani kwetu ni mbali na yeye yuko kidato cha pili. Naomba uikumbuke posho hiyo, kwa sababu itarudi.

Wakati huo huo nilikuwa naandika riwaya. Nasema "naandika" kwa heshima tu. Nilikuwa na daftari la kurasa 200, na sura tatu ambazo kila moja iliishia katikati ya sentensi. Wenzangu wa kijiweni waliniambia kazi ya usiku ndiyo kazi ya mwandishi, kimya kipo na taa ipo, unataka nini tena? Wanaosema hivyo hawajawahi kuamshwa na saa ya mezani kila baada ya saa tatu. Akili ya kutunga ni kama chungu cha maharage: ukiepua kila yanapoanza kuchemka, hayaivi hata ukiyaweka jikoni wiki nzima. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi huku akiandika, na jambo hilo tunapenda sana kutajiana sisi chipukizi ili kujipa moyo. Lakini karani anafunga ofisi jioni. Mimi ofisi yangu ilikuwa haifungwi.

Nikamwendea mshikaji wangu mmoja, fundi redio pale karibu na stendi, nikamweleza shida yangu. Yeye kila shida huiona ina waya ndani yake. Akanionyesha valvu ya umeme aliyoitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, akasema tuifunge na saa ya kuwasha na kuzima, basi, mchezo umekwisha. Tukaifunga. Umeme ukapita, valvu ikalia "tak", maji yakachuruzika kama ya kope. Fundi akakuna kichwa. Tulipoifungua ndani ndipo tukaelewa: valvu ya aina ile haifunguki kwa nguvu ya umeme peke yake, inasaidiwa na msukumo wa maji ya bomba. Pipa letu lilikuwa limeinuliwa meta moja tu, na maji yakiinuliwa meta moja yanasukuma kwa nguvu ndogo sana. Unahitaji meta kumi hivi kupata msukumo sawa na ule wa hewa inayotuzunguka. Halafu kuna umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa ukipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, na sisi tuliokulia hapa tumejifunza kuweka mshumaa karibu na kiberiti. Pampu ya hewa ya matangi Mzee alikwisha kuifungia betri na paneli ya jua. Kuibebesha betri hiyo na valvu tuliona tunaionea.

Mawazo yangu yaligeuzwa na bibi yangu, aliyeko kijiji kimoja upande wa Matai, na wala hatukuwa tunazungumza habari za samaki. Nilikwenda kumsalimia, akawa ananieleza jinsi wazee wa Kifipa walivyoyeyusha chuma. Huenda umesoma habari za ilungu, lile tanuru la udongo refu kuliko mtu. Lina matundu chini pande zote, na halina mivukuto. Hakuna mtu anayekaa kupuliza. Urefu wenyewe wa tanuru ndio unaovuta hewa: moto unapanda, hewa baridi inaingia kwa matundu ya chini kujaza nafasi. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia kile chuma. Sipendi zile hotuba za kusema babu zetu walivumbua kila kitu. Zinachosha, na mara nyingi anayezisema hajashika hata nyundo. Lakini nilipokuwa kwenye gari narudi mjini, lile neno "hakuna anayekaa kupuliza" lilinikaa kichwani. Nikajiuliza, kama moto unaweza kujivutia hewa, maji yanashindwaje kujifungulia mlango?

Jibu lake kila dereva wa lori analijua. Ukitaka kutoa dizeli kwenye tangi, unatia mpira, unanyonya, unautelemsha chini, na dizeli inatoka yenyewe mpaka iishe au mpira ushike hewa. Huo ndio unaoitwa sifoni. Kinachobaki ni kupata sifoni inayojinyonya yenyewe.

Tulichukua ndoo ya lita 20 tukaitoboa kitako. Katika tundu tukasimamisha bomba la plastiki la inchi moja, kimo chake kikafika pale ambapo ndoo ina lita 17. Juu ya bomba hilo tukaligubika bomba pana la inchi mbili, lililozibwa juu kwa kifuniko, na chini lina meno ya kupitishia maji usawa wa lita 2. Maji yakipanda ndani ya ndoo yanapanda pia ndani ya lile gubiko. Yakishavuka ncha ya bomba la ndani kwa kishindo, yanaanguka chini, yanakokota hewa yote iliyokuwa juu, na sifoni inashika. Ndoo inamwagika kwa dakika moja hivi mpaka maji yashuke kwenye yale meno. Hewa inaingia, sifoni inakata kwa sauti ya mtu anayemaliza uji. Lita 15 zimekwenda. Ndoo inaanza kujaa upya. Hakuna waya wala swichi, uzito wa maji ndio swichi.

Lakini zingatia neno "kishindo", maana ndilo lililotula wiki mbili. Ndoo yetu ilitakiwa kujaa polepole, lita 5 kwa saa, ili imwagike kila baada ya saa tatu. Maji yakija polepole hivyo, yakifika kwenye ncha ya bomba yanalamba tu ukingo na kuteremka kama machozi. Hewa haitoki na sifoni haishiki. Unabaki na ndoo iliyojaa milele, inayovuja kiasi kile kile inachopokea. Fundi redio akatamka maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Dawa tuliipata kwenye kipima mvua. Vipo vipima mvua vyenye kikopo kinachobembea, kikijaa kinapinduka chenyewe na kurudi. Tukachukua dumu la mafuta ya kula la lita 3, tukalikata kimshazari, tukalitoboa pande mbili na kulining'iniza kwenye spoki ya baiskeli juu ya ndoo. Likiwa tupu, kijiwe kilichofungwa nyuma kinalivuta likae sawa. Likifikisha kama lita 2, uzito unahamia mbele ya spoki, linapinduka, linazitapika zote kwa mara moja, na kijiwe kinalirudisha. Mara ndoo inapokuwa karibu na ukingo wa bomba, lita hizo mbili huangukia kwa pamoja, maji yanaruka juu ya ncha, sifoni inashika bila kukosa. Siku ile ya kwanza ilipokubali tulikuwa watu wawili wazima tumechuchumaa mbele ya ndoo, tunapiga makofi.

Mengine nitayapitia haraka. Maji hutoka kwenye pipa jeusi la lita 200 lililo nje, ambalo kila asubuhi nalijaza, natia chumvi, naliacha wazi juani mpaka jioni ili lipate joto na klorini itoke; usiku uliotangulia linakuwa limeshatumika kiasi cha kutosha kupokea mengine. Kutoka pipani hayaendi moja kwa moja kwenye dumu, kwa sababu pipa likipungua maji, msukumo nao unapungua na saa yako inachelewa. Katikati tumeweka beseni lenye boya la tangi la choo. Boya linaweka kimo kile kile daima, na chini ya beseni inatoka mipira miwili ya dripu ya hospitali, bila sindano, yenye kile kigurudumu cha kupunguza na kuongeza. Kwa saa na chupa ya nusu lita nilirekebisha mpaka ikatoa lita moja kila dakika 12. Kitambaa cha khanga kuukuu kinachuja takataka. Sifoni inamwagia bakuli lenye matundu matatu yaliyosawazishwa kwa pima maji, kila tundu na tangi lake. Maji ya zamani yanatokea kwenye tundu la juu nyuma ya tangi, lenye wavu, na kuna tundu la pili la akiba kama la kwanza likiziba. Lita 120 kwa siku, yaani kama asilimia 13 ya maji yote.

Gharama yake hii hapa, kwa wale watakaotaka kujaribu: ndoo 7,000, mabomba na vifuniko 11,000, gundi 3,000, boya 6,000, mipira ya dripu 3,000, spoki 500, na fundi nilimpa 8,000 ingawa alikataa mara mbili. Jumla shilingi 38,500. Dumu na khanga bure.

Tatizo la kwanza halikutoka kwa samaki, lilitoka kwa wapangaji. Jina la mji wetu wenyewe hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na mgeni mmoja aliyelala chumba cha karibu alisikia saa tisa za usiku kitu kinapinduka, maji yanaporomoka, halafu kinakoroma, na alipotoka hakuona mtu. Asubuhi aliomba arudishiwe pesa yake. Mzee alimpeleka mbele ya ndoo akamfundisha somo zima la sifoni kama yuko darasa la saba. Yule bwana akasikiliza kwa adabu, akasema "Nimeelewa Mwalimu," kisha akachukua begi lake akaondoka.

Mwezi wa Julai jike mmoja akaacha kula. Nikaona shavu lake limevimba chini, nikamwita Mzee. Akasogeza miwani, akasema, "Ana mayai." Samaki hawa jike huatamia kinywani. Mayai yenyewe machache, mara nyingi hayazidi kumi na tano, na kwa takriban mwezi mmoja anayabeba mdomoni. Akishtuka, kwa baridi au kwa maji machafu, anaweza kuyatema au kuyameza, na hapo umepoteza kila kitu. Mzee akaniangalia, akaiangalia ndoo. "Kijana," akasema, "mwezi huu tumwachie nani, wewe au hicho kitu chako?"

Nikamwambia, "Shika saa yako Mzee, tukeshe wote." Tukakesha. Aliketi kwenye kiti cha mapokezi na koti lake la baridi, na daftari la mistari, akiandika dakika. Saa tatu na dakika mbili. Saa sita na dakika moja. Saa tisa na dakika nne. Kila baada ya kumwagika alitia kipimajoto. Alfajiri akafunga daftari, akanyamaza kitambo. Kisha akasema lile nililokuwa nalitegemea tangu siku tulipopiga makofi.

"Sasa posho ya usiku nakulipa ya nini?"

Wasomaji wengi mtasema nilijichimbia kaburi. Hata mama yangu alisema hivyo, na kwa maneno makali zaidi. Lakini tangu mwanzo nilijua kwamba mashine ikifanya kazi itauliza swali hilo, na nilikuwa nimejiandaa. Nikamjibu: "Shikamoo Mzee, naomba nieleze." Nikamwambia khanga inaziba ikikaa siku nne bila kufuliwa, kwamba chumvi haijipimi, na kwamba kama ningenyamaza na kuendelea kuamka angekuwa analipa shilingi 60,000 kila mwezi mpaka mwisho wa dunia. Nikamwomba posho iendelee mpaka jike atoe watoto. Baada ya hapo aikate, ila katika kila watoto watatu wa samaki watakaokua chini ya ndoo ile, mmoja awe wangu. Mzee alifikiri kwa muda wa chai nzima. Akakubali.

Siku ya 29 jike alifungua kinywa. Tuliwahesabu tisa. Wangu watatu.

Samaki watatu wadogo hawamlipii mtu chumba, hilo najua. Lakini kwa kuwa sasa nalala usiku, mchana sisinzii, na fundi redio ananipa kazi za kuchomelea waya alasiri. Mwezi uliopita nilipata shilingi 40,000. Upungufu wa elfu ishirini upo, na mdogo wangu sasa anagawana chumba na mwenzake, jambo asilolipenda na ananiambia wazi kila nikimpigia. Kwa upande mwingine sura ya nne imeisha, na imeisha kwa nukta. Naandika kuanzia saa tatu mpaka saa sita, nasikia ndoo ikijimwaga mwanzo na mwisho, kisha nazima taa.

Wiki iliyopita rafiki yake Mzee alikuja kutoka Namanyere. Ana matangi mawili, na kijana wa kumwamkia hana. Akaniuliza ndoo kama ile nitamtengenezea kwa bei gani. Nikachukua karatasi, nikaorodhesha mabomba, boya, mipira ya dripu na spoki, nikajumlisha na ufundi wetu wawili shilingi 60,000. Chini yake nikaongeza: rimu moja ya karatasi na kalamu za wino mweusi, dazeni. Akasoma, akamgeukia Mzee akamuuliza karatasi zinafungwa sehemu gani ya mashine.